Siku Moja ya Karani Jirani Yetu

Wasomaji wetu wa majumbani wamezoea kukuta katika kurasa hizi mazungumzo ya malezi ya watoto, adabu za ndoa na utaratibu wa futari. Mwezi huu twaomba ruhusa yao tuzungumze juu ya mtu aliyemo katika nyumba nyingi, ambaye aghlabu hatumtazami vema ila siku ya mwisho wa mwezi. Mtu huyo ni karani, yaani mtumishi wa afisi. Huondoka nyumbani kungali kiza, hurejea kiza kimekwisha ingia. Mkewe azijua kola za mashati yake kwa kuzifua. Wanawe waujua mlio wa viatu vyake mlangoni. Lakini lile alifanyalo baina ya kutoka na kurejea, hapana nyumbani alijuaye. Mgeni akiuliza hujibiwa, "Baba yuko kazini," na neno likaishia hapo.

Sisi nasi tulikuwa miongoni mwa wasiojua. Kazi yetu ni kusomesha watoto chuoni, huku Ubungo, na elimu yetu ni ya Kurani na ya darasa la saba. Katika umri wetu uliopita miaka hamsini hatukupata kuketi nyuma ya meza ya afisi hata siku moja. Kwa hiyo tulikuwa na dhana zetu: kwamba mtu wa afisi hukaa kivulini chini ya pangaboi, hunywa chai saa nne, hugonga mihuri miwili mitatu, kisha hungoja mshahara. Dhana hiyo ndiyo iliyotutia katika kosa tunalotaka kulisimulia.

Mwezi wa Shaabani uliopita tuliitisha mkutano wa wazazi, siku ya Jumamosi baada ya Alasiri. Walikuja akina mama wengi na akina baba wachache, kama ilivyo ada. Tulikasirika. Tukasema mbele ya wote kwamba wako wazazi wanaoihifadhi namba ya simu ya mkubwa wao wa kazi, lakini ukiwauliza mtoto wao amefika sura gani hawana jawabu. Watu wakacheka. Hatukutaja jina, lakini macho yetu yalikwenda kwa kijana mmoja wa safu ya mbele, ambaye baba yake ni karani katika afisi moja ya umma mjini, na ambaye hakuonekana katika mikutano yetu mitatu mfululizo. Kijana akainama, akawa anachezea ukindu wa mkeka. Mama yake alikuwapo nyuma ya pazia.

Bwana huyo ni jirani yetu, mtu mpole, na si mara moja alitufaa kwa hili na lile. Siku ya pili yake, baada ya sala ya Isha, alitungoja nje ya msikiti. Akatupa mkono, akasema, "Maalim, nimeletewa salamu zako. Umesema kweli, wala sikatai. Ila nakuomba kitu kimoja: uje nami kazini siku moja tu. Ukisha rudi, unihukumu."

Tulikubali. Na tuseme kweli, tulikubali kwa kiburi kidogo, tukidhani tunakwenda kuthibitisha tulilolisema. Chuo chetu hufungwa Alhamisi na Ijumaa, basi tukaagana Ijumaa.

Tuliswali Alfajiri pamoja, tukatembea hadi kituoni. Wasomaji wa bara waliopita Ubungo zamani wataikumbuka kwa mabasi ya safari ndefu, makuli na kelele za wapiga debe. Stendi ile ilihamishwa Mbezi Luis mwanzoni mwa mwaka 2021, na mwaka huo huo wa 2021, mwezi wa Februari, likafunguliwa daraja la barabara tatu zilizopandana pale njia panda, likapewa jina la Kijazi. Mabasi ya mwendokasi yalikwisha anza tangu Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Mtu aliyeko mbali akisikia madaraja na mwendokasi huenda akadhani kwamba safari imekuwa starehe. Tuliyoyaona sisi ni umati uliosimama bega kwa bega kungali kiza, basi likija limekwisha jaa huko Kimara, na watu wakiingia ubavu kwa mkono wa kwanza, mguu ukifuata baadaye. Kilemba chetu kilivuka mlango mara mbili, mara ya kwanza bila ya kichwa.

Jirani yetu alitupatia mahali pa kushika. Mwenyewe akatia vile visikizi vya simu masikioni, akafumba macho. Moyoni tukasema, "Haya, ndiyo hayo, anasikiliza muziki." Tulipofika Urafiki, pale kwenye kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa mwaka 1968, alitoa kisikizi kimoja akatutilia sikioni. Ilikuwa sauti ya mwanawe akisoma Suratul Mulk. Kila usiku mama humrekodi mtoto baada ya kudurusu, humpelekea mumewe, naye husikiliza asubuhi kutoka Ubungo hadi Magomeni, akiandika katika daftari dogo mahali pa makosa ili amsahihishe Jumapili, siku pekee wanayoonana kwa nafasi. Alituonyesha: aya ya kumi na tano, mtoto huvuta pasipo madda. Ilikuwa kweli. Kosa hilo sisi wenyewe chuoni hatukuligundua.

Hapo tulinyamaza mpaka Jangwani.

Jangwani ni bonde la mto Msimbazi. Kiangazi hupiti ukafikiri neno. Lakini masika mto hufurika ukaifunika barabara, na mabasi yakasimamishwa. Siku hizo mtu wa Ubungo mwenye kazi mjini huzunguka kwa njia nyingine pamoja na wazungukao wote, au hushuka akatembea. Alitwambia kwamba masika moja alifika kazini amechelewa saa mbili, suruali imelowa hadi magotini, akakuta barua ya kumtaka ajieleze. Alijieleza. Akatusimulia haya bila ya kulalamika, kama mtu asimuliaye hali ya hewa.

Afisi za umma hufunguliwa saa moja u nusu asubuhi, hufungwa saa tisa u nusu alasiri. Sisi tuliketi kwenye benchi la wananchi, mbele ya dirisha lake, tukajifanya tunangoja shida yetu. Saa moja u nusu walikuwapo watu kama ishirini. Kazi yake ni hii: apokea karatasi, aisoma, aiandika katika rejista na katika mashine, aipa namba na tarehe, aitia katika jalada lake, kisha ampa mwenyewe risiti na siku ya kurudi. Majalada hupandana mezani kwa zamu. La chini limewahi, la juu limechelewa, na yeye huyapeleka kwa mkubwa wake kuanzia la chini. Hilo tu. Lakini tulimwona kwa saa tano akilifanya jambo hilo hilo kwa watu waliokuja na hasira, waliokuja na machozi, wasiojua kusoma, na wajuao mno kusoma. Mzee mmoja alimtukana kwa sababu picha yake ilikuwa ndogo. Akampa kiti.

Na hapa tusimame kidogo, kwa kuwa kazi hii twaidharau bila ya kujua ukale wake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni ya 282 katika Suratul Baqara, imekuja kwa ajili ya deni na mwandishi wake, na kumtaka aandike kwa uadilifu wala asikatae kuandika. Sayyidna Umar bin al-Khattab ndiye aliyeweka diwani, yaani daftari la majina ya watu na haki zao katika hazina, yapata mwaka wa 20 Hijria. Utaratibu huo ulikuwa wa Waajemi, watu wa nchi ambayo leo yaitwa Irani. Wafalme wao walikuwa na makarani kabla ya Waarabu kuwa na dola. Hata Waislamu walipokwisha kuitawala Iraki, madaftari ya kodi yaliendelea kuandikwa kwa Kiajemi na makarani wa Kiajemi kwa miaka mingi, mpaka zama za Abdul Malik bin Marwan ndipo yakageuzwa kuwa ya Kiarabu. Neno diwani limetufikia sisi likawa jina la mjumbe wa kata, na neno serikali nalo asili yake ni huko huko Uajemi. Yule Abdul Hamid al-Katib, aliyekuwa mwandishi wa khalifa wa mwisho wa Bani Umayya na akafa mwaka 750, aliwaandikia makarani wenziwe waraka wa nasaha ambao wanazuoni wausoma hata leo.

Tena hii tarehe ya Hijria tunayoifunga na kuifungulia ni tunda la afisi. Imepokewa kwamba Abu Musa al-Ash'ari, aliyekuwa gavana wa Basra, alimlalamikia Sayyidna Umar kuwa barua zinamfikia hazina tarehe, hajui ipi imetangulia na ipi imefuata. Watu wakashauriana, ikaamuliwa kuhesabu miaka tangu Mtume, sala na salamu zimshukie, alipohama Makka. Basi mwaka wa Waislamu ulianza kuhesabiwa kwa sababu jalada moja lilichanganyika na jingine. Msomaji alishike neno hili la tarehe, tutalirudia.

Na hapa kwetu pwani, Wadachi walipokuja walihitaji watu wa kuwaandikia, na katika miaka ya 1890 wakafungua shule ya serikali Tanga. Kutoka kwa makarani wametokea watu wakubwa. Kleist Sykes, aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki 1949, alikuwa karani wa Reli hapa Dar es Salaam, na alikuwa miongoni mwa walioasisi African Association mwaka 1929 na Al-Jamiatul Islamiyya mwaka 1933. Rashidi Kawawa alikuwa karani wa serikali kabla ya kuongoza vyama vya wafanyakazi na kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Wakoloni walijua nguvu ya watu hawa. Ndiyo maana mwaka 1953 walikataza watumishi wa serikali Waafrika kuingia katika vyama vya siasa. Aliyeshika kalamu huogopwa, hata akiwa na shati moja.

Turudi kwenye benchi letu. Ilipokaribia saa saba tukaanza kutazama saa, maana ni Ijumaa. Nchini Irani, ambako twasema Waajemi wapo hata leo wakiendelea na afisi zao, Ijumaa ni siku ya mapumziko, na karani wa Tehran siku hiyo hana mgogoro na mkubwa wake. Kwetu sisi Ijumaa ni siku ya kazi kama Jumanne. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, nayo yatosha kwa aliye karibu na msikiti, lakini haimwambii karani awafanye nini watu kumi na watatu waliobaki kwenye benchi. Jirani yetu ameamua hivi: Ijumaa hapumziki kwa chai, hali chakula cha mchana, na nusu saa kabla ya wakati huwatangazia watu kwamba dirisha litafungwa kwa saa moja. Aliporudi kutoka Msikiti wa Kitumbini, dakika tano kabla ya saa yake kwisha, bado mwanamke mmoja alimwambia, "Nyinyi mnasali tu, sisi tunakaa." Naye Mwislamu, amevaa buibui. Tuliona haya kwa niaba yake. Yeye alimwomba radhi akachukua karatasi yake.

Jambo jingine lilitushtua. Siku hiyo simu yake iliita mara saba za namna moja, na kila mara alitoka nje ya dirisha akajibu kwa sauti ndogo. Tulimwuliza ni nani. Akasema, "Mmoja ni shemeji, mmoja ni mtu wa kijijini kwetu, mmoja twasali naye. Wote wanataka jambo moja, Maalim. Wanataka jalada lao lipande." Tukacheka. Hatukuelewa kwa nini yeye hakucheka.

Saa tisa u nusu tulidhani tunarudi nyumbani. Kumbe yuko na kibarua cha pili. Kutoka afisini huenda Kariakoo, akamwandikia mwenye duka mmoja hesabu zake hadi saa mbili usiku, na Jumamosi kutwa. Hii ndiyo Jumamosi ya mikutano yetu. Neno mshahara asili yake ni neno la Kiarabu la mwezi, lakini mshahara wa karani hauuoni mwezi wote. Kodi ya mapato na michango ya hifadhi hukatwa kabla haujafika. Kisha huja kodi ya nyumba, ada, luku, maji, nauli, mchango wa harusi ya mtoto wa jirani wa jirani. Wengi ifikapo tarehe kumi na tano wamekwenda kwa wakopeshaji ambao watu wenyewe wamewapa jina la kausha damu, na jina hilo halihitaji tafsiri. Yeye hakutaka riba iingie nyumbani mwake, akachagua kuuza jioni zake. Mkewe ajua hivyo. Watoto hawajui, wao wajua kwamba baba hachezi nao.

Tulifika Ubungo saa tatu na robo. Watoto wamelala. Mkewe alimwekea wali uliofunikwa, akatuletea nasi. Jirani yetu alikwenda kumtazama mwanawe kitandani kwa mwanga wa simu, akarudi. Tukasema, "Bwana, tumekosa. Jumamosi ijayo tutalirudisha neno letu mbele ya wale wale tuliowasemesha." Akasema, "Hilo si kitu, Maalim." Akanyamaza. Kisha akalitoa lile daftari dogo mfukoni, akatupa. "Kwa kuwa umeona kazi yangu, nakuomba usome na haya."

Daftari lile si la makosa ya tajwidi peke yake. Kwa muda wa miaka amekuwa akiandika humo, ndani ya basi, yale yanayompitia moyoni. Tulipata idhini yake kuyataja machache. Ameandika kwamba mtu akikaa dirishani siku nyingi huanza kuona mikono, haoni nyuso, na kwamba siku alipolitambua jambo hilo aliogopa. Ameandika kwamba Malaika wawili waandishi hawapokei simu za jamaa. Ameandika hesabu: mwanawe ana miaka tisa, na yeye kwa kukadiria amemwona macho wazi siku za kazi kwa muda usiotimia mwaka mmoja. Chini yake ameandika jina la mtoto, hakuongeza neno.

Kisha tukafika kwenye ukurasa wenye tarehe ya mwezi wa Rajabu.

Msomaji atukumbushe tulisema kwamba bwana huyu alitufaa si mara moja. Mwezi huo wa Rajabu sisi tulikuwa na karatasi ya kiwanja, nayo ilikuwa katika afisi ile ile. Tulimpigia simu. Tulimwambia, kwa lafudhi yetu ya ualimu, "Bwana mdogo, hebu tuangalizie, usituache tukazeeka kwenye benchi." Hatukumpa hata senti moja, na kwa hiyo hatukuliita jambo hilo rushwa, tuliliita ujirani mwema. Baada ya siku mbili karatasi yetu ilitoka. Tulimwombea dua msikitini, mbele za watu.

Ukurasa ule ulieleza yaliyobaki. Jalada letu lilikuwa la juu, akalitia chini. Lililokuwa chini lilikuwa la mama mmoja mjane wa Mbagala, mwenye watoto watatu, aliyekuwa amekuja mara nne kufuata karatasi ya nyumba ya marehemu mumewe, aipeleke mahakama ya mwanzo katika shauri la mirathi kabla ya tarehe aliyopewa. Siku ile mkubwa aliyapitisha majalada mpaka saa ya kufunga, na la mama yule likabaki. Akaambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu mkubwa alikuwa safarini. Karatasi ilipotoka, tarehe ya mahakama ilikwisha pita kwa siku tatu, na shauri likaahirishwa miezi miwili. Katika miezi hiyo miwili kodi za vyumba viwili vya nyumba ile zilichukuliwa na shemeji yake, kama zilivyokuwa zikichukuliwa tangu mazishi.

Na lipo la zaidi. Ndugu wa mama yule alimjia dirishani akamsihi aandike katika karatasi ile tarehe ya nyuma, siku nne tu, ili ionekane ilitoka mapema na mahakama ipate kuipokea. Jirani yetu aliandika katika daftari kwamba mkono wake ulitetemeka, kwa kuwa mwenye dhiki ile ni yeye aliyemtia. Alikataa. Dhuluma ya kwanza ilikuwa ya kupanga majalada. Tarehe ya uongo ingekuwa ushahidi wa uongo, na mtu mwingine angedhulumiwa nao siku nyingine. Ameandika hivi kwa maneno machache kuliko sisi: alikosea mara moja kwa kumheshimu mtu, hatakosea mara ya pili kwa kumhurumia mtu.

Tuliusoma ukurasa ule mara mbili. Wali ulipoa. Kila mwaka tunawasimulia watoto kisa cha Umar bin Abdul Aziz na taa ya hazina, mpaka wamekichoka, tena tunawauliza mafunzo yake nao hujibu kwa pamoja. Na sisi wenyewe tulichukua zamu ya yatima kwa simu ya dakika mbili.

Tukamwuliza, "Kwa nini hukutukatalia?"

Akasema, "Maalim, wewe ndiye uliyenifundisha mwanangu alifu. Nitakukatalia vipi?"

Hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii. Twasema kila siku kwamba maafisi yameoza, na hatukatai kwamba iko mikono inayofunguliwa kupokea. Lakini katika siku nzima pale dirishani hatukuona mtu aliyekuja na bahasha. Tuliosikia wakimwomba avunje zamu ni shemeji, mwanakijiji na mtu wa safu yake ya sala. Na kabla yao, mwalimu wa mwanawe. Mke naye huombwa na shoga zake amwambie mumewe, akamwambia usiku wakati mume amechoka hana nguvu ya kubisha. Karani mwenye haya huangushwa na watu anaowapenda, maana adui yake anajua namna ya kumjibu.

Tulimwuliza kama mama yule anajua. Alisema alikwenda kwake Mbagala, Jumapili ya mwanzo ya Shaabani, akamweleza na kumwomba radhi. Mama akamwuliza, "Na huyo uliyemtanguliza mbele yangu ni nani?" Akajibu, "Ni mtu ninayemheshimu." Mama akasema, "Basi mwambie aje naye."

Hakutuambia, kwa haya. Alitungojea tuje kuona kazi yake kwanza.

Jumapili iliyofuata tulikwenda wote wawili. Mama alitutandikia mkeka barazani, akatupa maji ya kunywa. Tulisema tuliyokuja kuyasema, na haikuwa rahisi kwa mtu aliyezoea kusemea mbele ya wengine. Alisikiliza mpaka mwisho, mtoto wake mdogo akiwa amemlalia pajani. Akasema, "Maalim, mimi langu nimekusameheni nyote wawili. La watoto wangu yatima sina amri nalo, hata nikitaka."

Tulijua ni hukumu sahihi. Sisi ndio tunaoisomesha. Tuliporudi tuliwauliza waliotuzidi elimu, wakatuambia tukadirie kodi ya vyumba viwili kwa miezi miwili, tuitie katika fungu la watoto mbele ya mashahidi. Jirani yetu alitaka kutoa nusu. Tulimkatalia, naye akakataa kukataliwa, na mpaka tunaandika tumekwisha peleka mafungu mawili, yaliyobaki ni matatu. Jumamosi ile tulilirudisha neno letu chuoni mbele ya wazazi. Kijana wa safu ya mbele safari hii hakuinama, na madda yake ya aya ya kumi na tano sasa ni sahihi.

Wiki iliyopita tulikuwa na shida tena katika afisi ile, ya karatasi moja ya kiwanja iliyokosewa herufi. Tulipanda basi wenyewe, tukafika saa mbili. Mlangoni tukapewa namba, 47. Dirishani jirani yetu aliinua uso, akatuona, akatuamkia kwa kichwa. Kisha akatazama karatasi iliyokuwa mbele yake, akaita namba 12.